Oili Iliyoingia Maji

Mwambie mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa, kwamba trekta ina "uchafuzi wa maji", naye atauliza imemwaga nini baharini. Ndivyo Kiswahili kinavyoisikia kauli hiyo: maji ndiyo yaliyochafuliwa. Mwandishi wa mwongozo wa mitambo alikusudia kinyume chake. Kilichochafuka ni oili, na mchafuzi ni maji.

Kauli sahihi tunayo zamani. Chombo cha Bandari ya Kale kikiingia maji, mabaharia hushuka ngamani kuyafua. Saa huingia maji, simu huingia maji, na oili pia. Kinachotajwa mwanzo ni kile kinachodhurika, kwa hiyo hakuna utata. Napendekeza basi "oili kuingia maji", na panapohitajika nomino, "uingiaji maji". Wapo watakaotaka "mafuta ya haidroliki". Si kosa, ila kwetu Kenya mafuta ni petroli na dizeli kwanza. Mafundi husema oili, nami niko upande wao.

Haidroliki yenyewe ina kinaya chake. Neno hilo limetokana na Kigiriki, na mzizi wake ni maji. Shinikizo la Joseph Bramah, alilolipatia hataza Uingereza mwaka 1795, liliendeshwa kwa maji. Baadaye oili ilishika nafasi kwa kuwa hulainisha vyuma na kuvikinga na kutu. Leo maji ni adui ndani ya mtambo uliopewa jina lake.

Adui huyo ana hali tatu, na kila moja yahitaji jina. Kwanza ni maji yaliyoyeyuka, yasiyoonekana kabisa. Katika joto la kawaida, lita 200 za oili ya haidroliki huweza kuficha mililita 40 hadi 60 hivi. Oili ya trekta, ambayo mara nyingi hutumikia giaboksi na breki pia, huficha zaidi. Yakizidi hapo, maji hutawanyika kwa vitone vidogo mno na oili hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Wataalamu huiita emalsheni. Fundi akikwambia "imekuwa maziwa", amesema yote. Hali ya tatu ni maji yaliyotuama chini ya tangi. Wengine huandika "maji huru", lakini kutuama ndicho kitendo chenyewe, na humwonyesha fundi pa kufungulia.

Kisiwani Mombasa si lazima mvua inyeshe ndipo oili iingie maji. Tangi la haidroliki hupumua: silinda ikirefuka, oili hupungua tangini na hewa ya nje huvutwa ndani. Hewa yetu imejaa unyevu wa bahari. Trekta za bandari ya Kilindini zinazovuta trela za makontena hufanya kazi zikipata joto, kisha husimama zikapoa, na mvuke uliomo tangini hugeuka matone. Sili ya silinda iliyochakaa huongeza. Kuosha mtambo kwa maji ya presha, mpuliziaji akalenga kifuniko cha tangi, huongeza zaidi.

Pipa nalo lisisahauliwe. Likisimamishwa nje wima wakati wa masika, maji hukaa juu ya mfuniko. Usiku pipa hupoa, hewa ya ndani hunywea, na maji hunyonywa kupitia vizibo hata kama vimekazwa. Pipa la nje lilazwe ubavu, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja, chini ya kimo cha oili.

Madhara ya oili kuingia maji ni kutu, viambato vya oili kuharibika, na pampu kuliwa na viputo vya mvuke vinavyopasuka ndani yake. Kupima si kazi kubwa: tone la oili likiwekwa kwenye bati lenye joto la nyuzi 150 hivi, hutatarika kama lina maji. Mpimaji avae miwani. Ikishakuwa maziwa, kuongezea oili mpya ni kupoteza pesa. Imwagwe yote, mfumo usafishwe, chujio libadilishwe, na mlango wa maji uzibwe.

Wahariri wa miongozo ya mitambo, tafadhali futeni "uchafuzi wa maji". Andikeni "oili imeingia maji", fundi ajue la kufanya.