Hoodia, Wasan na Hataza ya Mwaka 1995

Katika nchi kavu za Kalahari na majirani zake, kutoka kaskazini ya Afrika ya Kusini hata Namibia na Botswana, huota mmea mfupi usio na majani, wenye mashina ya kijani yaliyosimama wima mfano wa matango yaliyovikwa miiba, na maua yake, mapana na yenye rangi ya nyama, hutoa uvundo wa mzoga unaowavuta nzi wakayachavusha. Wataalamu wa mimea huuita Hoodia gordonii. Wasan, walio miongoni mwa wakaazi wa kale kabisa wa kusini mwa Afrika, na ambao kwa karne nyingi waliishi kwa kuwinda na kuchuma, wameujua tangu zama ambazo hakuna aliyeziwekea taarikhi: mwindaji atokaye kufuata nyayo za mnyama mchana kutwa hukata kipande cha shina, akakwangua miiba kwa kisu, kisha akaitafuna ile nyama yake chungu yenye majimaji, na njaa na kiu zikamtulia hata aweze kuendelea na safari. Elimu hiyo Wasan hawakuitia kitabuni. Ilikaa vinywani mwa wazee na mikononi mwa vijana, ikirithishwa porini, mahali pale pale inapotumika.

Walioiandika ni wageni. Rudolf Marloth, bingwa wa mimea wa Afrika ya Kusini, katika kitabu chake kikubwa juu ya mimea ya nchi hiyo, ambacho juzuu yake moja ilitoka 1932, alieleza jinsi wenyeji walivyoitumia mimea ya jamii hii kuzuia njaa na kiu. Mwaka 1963 Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la Afrika ya Kusini, lijulikanalo kwa herufi CSIR, likaanza kuchunguza mimea ya porini iliwayo na wenyeji, na hoodia ikawamo katika orodha yake. Kazi ilikwenda polepole, mpaka katika miaka ya 1980 baraza lilipopata mitambo ya kisasa ya kuchungua maumbo ya kemikali, ndipo wataalamu wake wakaanza kukitenga kile kiini hasa kinachozuia hamu ya kula. Na mwaka 1995 wakaomba hataza.

Hataza ni hati ya serikali impayo mvumbuzi haki ya peke yake juu ya uvumbuzi wake kwa muda maalumu, aghalabu miaka 20, kwa masharti kwamba jambo lenyewe liwe jipya, liwe na hatua ya uvumbuzi ndani yake, na liweze kutumika viwandani. Kwa mizani hiyo baraza halikuvunja sharia yoyote ya wakati ule, maana kukitenga kiini cha mmea maabarani ni kazi ambayo hapana Msan aliyepata kuifanya. Lakini katika nchi yenye maelfu kwa maelfu ya aina za mimea, ni nani aliyewaelekeza wataalamu kwenye mmea huu mmoja, na ni nani aliyewaambia waangalie njaa badala ya kuangalia homa au vidonda? Swali hilo halikuwamo katika fomu ya maombi, na naona ya kuwa dhuluma nzima imetokana na kutokuwamo kwake. Kazi ya maabara ilihesabiwa kuwa uvumbuzi. Kazi ya vizazi vilivyoonja mimea ya porini mmoja mmoja, na bila shaka vikadhurika na mingine, haikuhesabiwa kuwa chochote.

Mwaka 1997 CSIR iliipa leseni kampuni ya Uingereza iitwayo Phytopharm, nayo mwaka uliofuata ikaingia mkataba na Pfizer ya Marekani ili kiini kile, kilichopewa jina P57, kifanywe dawa ya kuwapunguza unene watu wa nchi zenye shibe. Katika mashauri yote hayo Wasan hawakuitwa, hawakuarifiwa, wala hawakuombwa idhini. Mwezi wa Juni 2001 gazeti la Observer la London liliifichua habari hiyo, na mkuu wa Phytopharm, alipoulizwa, akajitetea kwamba yeye alidhani watu wale walikwisha kutoweka duniani. Wakati huo Wasan takriban 100,000 walikuwa hai, wametawanyika katika Botswana, Namibia, Afrika ya Kusini, Angola na nchi za jirani. Na wale wa jamii ya ǂKhomani walikuwa wamerudishiwa na serikali ya Afrika ya Kusini sehemu ya ardhi yao ya Kalahari miaka miwili tu kabla yake, mwaka 1999, kwa hadhara kubwa.

Wasan hawakukaa kimya. Walikuwa na shirika lao la WIMSA, lililoundwa 1996 kuwaunganisha wa nchi mbalimbali, na mwaka ule ule wa 2001 wa Afrika ya Kusini wakaunda baraza lao, ambalo baadaye liliongozwa na Petrus Vaalbooi. Wakili wao akawa Roger Chennells, yule yule aliyewasimamia katika dai la ardhi. Mbele yao palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuipinga hataza ili ibatilishwe, kama walivyofanya Wahindi na wenzao wa Ulaya juu ya mwarobaini, mti ule uliojaa katika nyua na vichochoro vya mwambao wetu: hataza ya Ulaya juu ya dawa ya kuvu iliyotengenezwa kwa mafuta ya mwarobaini ilifutwa 2000, na rufaa ikatupwa 2005, kwa kuwa ilithibitika kwamba jambo lile halikuwa jipya. Lakini wenye kuudai mwarobaini walitaka uwe huru kwa watu wote, ilhali Wasan, maskini wa kupindukia, walijua kwamba hataza ikifutwa kila kampuni itautumia ujuzi wao pasipo kumlipa mtu hata senti moja. Wakachagua njia ya pili, ya kudai fungu.

Mkataba ulitiwa saini Machi 2003, huko Kalahari. CSIR ilikiri kwamba Wasan ndio wenye elimu ile tangu asili, ikaahidi kuwapa asilimia 6 ya mrabaha wake, na asilimia 8 ya malipo iyapokeayo kila hatua ya utafiti ikifikiwa. Wao kwa upande wao waliafiki kwamba hataza ni mali ya CSIR peke yake na kwamba hawatadai ushirika ndani yake. Ni haki tuzitazame hesabu hizo kwa makini, maana asilimia 6 hiyo haikuwa ya mauzo ya dawa, bali ya kile kidogo kitakachoifikia CSIR baada ya kampuni mbili za ng’ambo kukata mafungu yao. Hata hivyo sidiriki kuwalaumu waliotia saini: walijadiliana juu ya kitu kilichokwisha kuuzwa, na jambo moja walilotenda lastahili sifa, nalo ni kukubaliana kwamba fedha zigawanywe kwa Wasan wa nchi zote, ingawa hataza ilizaliwa Afrika ya Kusini, kwa kuwa elimu ile ilikuwapo kabla ya mipaka.

Fedha zenyewe zilikuja haba. Mwaka ule ule wa 2003 Pfizer ilijitoa. 2004 ikaingia Unilever, iliyotaka kuitia hoodia katika vyakula na vinywaji, nayo ikajitoa 2008 kwa sababu za usalama na udhaifu wa matokeo. Kitambo hicho chote wachuuzi wa Marekani na kwingineko walikuwa wakiuza vidonge vya hoodia, vingi vyao bandia, kwa biashara isiyowahusu Wasan kwa lolote, na mmea ukang’olewa ovyo porini hata ikabidi mwaka 2004 uingizwe katika orodha ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa husimamiwa na mkataba wa CITES.

Kilichodumu ni sharia. Afrika ya Kusini mwaka 2004 iliagiza kwamba hapana kibali cha utafiti wa kibiashara pasipo mapatano na wenye elimu ya jadi iliyotumika. 2010 mataifa yakapitisha Itifaki ya Nagoya juu ya kugawana faida zitokanazo na mali ya asili kama mimea, na nchi za Afrika zikaafikiana Swakopmund, Namibia, juu ya itifaki ya kuilinda elimu hiyo. Kenya ikatunga sheria yake 2016. Mwaka 2019 Wasan na wenyeji wenzao Wakhoi walipatana na wenye viwanda vya chai ya rooibos, mmea mwingine wa elimu yao ya jadi, wapewe asilimia 1.5 ya bei ya majani yauzwapo shambani, wala si mrabaha wa dawa ambayo huenda isiuzwe kamwe, na malipo ya kwanza, zaidi ya randi milioni 12, yakatoka 2022.

Tarehe 24 Mei 2024, Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Milki Bunifu Duniani zilipitisha mkataba wa kumlazimisha mwenye kuomba hataza aitaje nchi ilikotoka mali ya asili aliyoitumia na watu waliompa elimu yake. Swali lililokosekana katika fomu ya 1995 sasa limeandikwa. Mkataba huo utaanza kazi nchi 15 zikiuridhia, na kwa ibara yake mwenyewe haurudi nyuma: hataza zilizoombwa kabla yake hauzigusi.