Miaka Hamsini Kabla ya Kuketi Meza Moja

Mwezi uliopita baba yangu mdogo alisafiri kwa basi kutoka Kiruruma, Karagwe, hadi Dar es Salaam kwa matibabu ya macho. Zilipobaki siku mbili arejee nyumbani, nilimuuliza kama kuna mahali angependa kufika kabla ya kuondoka. Nilidhani angetaja ufukweni, au Kariakoo. Akasema angependa kula chakula cha Wachina; tena si cha kufungiwa kwenye boksi, bali cha kuketi mezani, mahali ambapo Wachina wenyewe wanakula.

Ombi hilo lina umri wa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1971, akiwa kijana aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa, alichukuliwa kwenda kujenga reli ya TAZARA upande wa Mlimba. Alikaa huko miaka minne. Alijifunza kuchanganya zege, kupanga mataruma, na kuhesabu kwa Kichina hadi kumi. Alifanya kazi bega kwa bega na watu wale kuanzia alfajiri. Lakini saa ya chakula ilipofika, wao walikwenda kambini kwao na yeye alirudi kwa wenzake kusonga ugali. Katika miaka minne hakula nao mlo hata mmoja. Harufu ya mapishi yao aliifahamu vizuri. Ladha yake hakuijua.

Basi Jumapili asubuhi tukaenda katika mkahawa mmoja unaopika chakula cha Guangdong, jimbo la kusini mwa China. Tuliagiza kile kinachoitwa dim sum. Ni vitafunio, lakini ni vitafunio vinavyofanya kazi ya mlo kamili: kamba waliofungwa ndani ya unga mwembamba unaopenya mwanga, maandazi meupe ya mvuke yenye kitimoto ndani, tambi pana za mchele zilizokunjwa, miguu ya kuku iliyopikwa hadi ikalainika kabisa. Huja katika vikapu vidogo vya mianzi, vipande vitatu au vinne kila kikapu, na vikapu huwekwa katikati ya meza ili kila mmoja ajichukulie. Miguu ya kuku ilimshangaza mzee. Kwake ni chakula cha wanafunzi wasio na fedha, cha kununuliwa kando ya barabara jioni; hapa imepewa kikapu chake na bei yake.

Jina lenyewe, kwa lugha ya Guangdong, lina maana inayokaribia "kugusa moyo". Na wenyewe hawasemi wanakwenda kula dim sum. Wanasema wanakwenda kunywa chai. Desturi hii ilistawi katika nyumba za chai za Guangzhou, mji ambao kati ya 1757 na 1842 ulikuwa bandari pekee ya China iliyoruhusiwa kufanya biashara na meli za Ulaya. (Wafanyabiashara wa Kariakoo wa leo wanaijua Guangzhou kuliko wanavyoijua Bukoba, ila wengi wao wanaijua kwa maghala yake, si kwa meza zake.) Chai humiminwa kwanza, chakula hufuata. Anayemiminiwa hugonga meza kwa vidole viwili kuwa ni shukrani. Wanasimulia kwamba mfalme Qianlong, akisafiri kwa kujificha, alimmiminia mtumishi wake chai. Mtumishi asingeweza kupiga magoti bila kufichua siri, akakunja vidole mezani vipige magoti kwa niaba yake.

Nilipomweleza hayo, baba mdogo aliingiza mkono katika mfuko wa koti na kutoa kifurushi kidogo cha jani kavu la mgomba. Ndani yake kulikuwa na akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Msomaji asiyetoka Kagera aelewe kwamba kwetu kahawa ilikuwa ya kutafunwa karne nyingi kabla haijawa ya kuuzwa kwa chama cha ushirika. Matunda ya kahawa huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, na mgeni akifika hupewa hayo kabla ya kuulizwa shida iliyomleta. Punje mbili zinazolala ndani ya tunda moja zilitumika pia katika kuchanjiana udugu: kila mmoja alikula punje iliyopakwa damu ya mwenzake, na kuanzia hapo wakawa ndugu wenye haki na wajibu. Chakula kidogo kiasi hicho, na uzito mkubwa kiasi hicho.

Nimetafakari sana kuhusu kifurushi kile, kwa sababu historia ya Tanzania na China tumezoea kuisimulia kwa mikataba na ziara za viongozi. Ikisimuliwa kwa meza, hutoka hadithi nyingine.

Vyombo vilifika kabla ya walaji. Kilwa kuna vipande vya kauri za China vya karne nyingi, na katika makaburi ya kale ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, sahani na bakuli za Kichina zilipachikwa kwenye nguzo ziwe pambo la marehemu. Hazikuletwa na Wachina wenyewe bali na mkondo mrefu wa biashara ya Bahari ya Hindi. Baadaye, kufikia miaka ya 1930, familia chache kutoka kusini mwa China zilikuwa zimefika Zanzibar kununua majongoo bahari. Mpwani aliyaokota, akayauza, na hakuyala. Yalikaushwa na kusafirishwa kwenda kuliwa mbali. Kwa muda mrefu, basi, sisi tulikuwa na sahani zao bila chakula chao, na wao walikuwa na chakula kutoka kwetu bila sisi.

Kisha ikaja siasa. Mwalimu Nyerere alizuru China Februari 1965, Zhou Enlai akaja Dar es Salaam Juni mwaka huohuo. Mkataba wa reli ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, baada ya nchi za Magharibi kukataa kuigharimia. China ilitoa mkopo usio na riba, ujenzi ukaanza 1970, na Julai 1976 reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa rasmi. Hayo kila mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza anayajua. Lisilojulikana sana ni jinsi vibarua walivyolipwa. Sehemu kubwa ya gharama za ndani, mishahara ikiwamo, ilitokana na mauzo ya bidhaa za Kichina katika maduka ya Tanzania na Zambia. Baba mdogo alirudi Kiruruma na chupa ya chai ya Kichina yenye maua mekundu, ambayo mimi niliikuta sebuleni nikiwa mtoto na tulikatazwa kuigusa. Nilipomweleza kwamba mshahara aliounulia chupa ile ulitokana na kuuzwa kwa bidhaa za aina hiyo, alicheka hadi akafuta machozi kwa leso. "Kwa hiyo walinipa kwa mkono huu," alisema, "wakachukua kwa huu."

Kwa nini basi hawakula pamoja? Katika semina zangu huzuka mabishano juu ya hili. Wapo wanaosema kambi zile zenye uzio ni ushahidi wa ubaguzi, na wapo wanaokasirika mtu akigusa tu jina la TAZARA, kana kwamba ni masahafu. Mimi naona tuanze na mazingira. China ilikuwa katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni, na nidhamu ya watu waliotumwa nje ilikuwa kali. Maingiliano nje ya kazi yalidhibitiwa. Magazeti ya Magharibi nayo yalikuwa yakiwaangalia kwa darubini, yakitafuta dalili kwamba ni askari. Halafu ipo kanuni ya mwisho kati ya zile nane za misaada alizozitangaza Zhou Enlai mwaka 1964: mtaalamu wa Kichina aishi kwa kiwango kilekile cha mtaalamu wa nchi anayoisaidia, asidai anasa. Walilima mboga zao wenyewe kando ya kambi na kujipikia. Mwingereza wa enzi za ukoloni alijitenga ndani ya klabu ili ahudumiwe na Mwafrika. Fundi wa Kichina alijitenga na kujihudumia, kisha asubuhi akabeba mfuko wa saruji begani kama kibarua wake. Mtu asiyeona tofauti hiyo hajasoma historia yake sawasawa. Wengi wa wale waliofia kazi hiyo wako Majohe, Gongo la Mboto, katika makaburi yanayokaribia 70.

Hata hivyo uzio ulikuwa uzio. Tuliitana marafiki viwanjani na kwenye mabango, tukaupa urafiki kiwanda kizima cha nguo pale Ubungo mwaka 1968, lakini kijana wa Kiruruma na kijana wa China waliolala usingizi wa uchovu mmoja hawakujua jirani yake anakula nini. Udugu ule ulichanjwa baina ya serikali. Punje za kahawa zilikuwa mikononi mwa viongozi; watu wa kawaida waliambiwa tu kwamba zimekwisha kuliwa.

Uzio wa leo ni wa namna nyingine. Barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene, takriban kilomita 59, iliyotutoa Karagwe katika vumbi na matope, ilijengwa na mkandarasi wa Kichina. Kama ilivyokuwa Mlimba, kambi ilikuwa na bustani yake ya mboga. Lakini huu haukuwa mkopo wa mshikamano. Ni zabuni, yenye mshindi na walioshindwa, yenye vyeti vya malipo vinavyosubiri saini. Na hapa ndipo meza ilipobadilika. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni ofisa katika halmashauri moja nchini, aliniuliza swali ambalo sijalisahau. Alisema: "Mwalimu, mkandarasi akinialika chakula nikakataa, naonekana sina adabu. Nikikubali, kesho yake ananiletea hati nisaini, na bado mdomo wangu una ladha ya chakula chake. Nifanye nini?"

Sheria anazijua: ya maadili ya viongozi wa umma ya 1995, na ya kuzuia na kupambana na rushwa ya 2007. Alichokuwa akiniuliza hakikuwa sheria. Alikuwa anauliza juu ya adabu, na adabu ina historia. Rumanyika, mtawala wa Karagwe, aliwapokea Speke na Grant Bweranyange mwaka 1861, na wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao jirani, Kafuro. Wote walikula kwa ruhusa ya mwenyeji, na mwenyeji ndiye aliyeamua nani anapewa nini na lini. Mila ya akamwani inafuata mantiki hiyohiyo: anayetoa ni mwenye nyumba. Katika karamu anazoalikwa ofisa yule, mgeni ndiye anayekaribisha, na mwenyeji anakaribishwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilimwambia asidhani anavunja mila akikataa, kwa maana mila ilikwisha kupinduliwa kabla hajafika mezani. Kama kuna haja ya kula pamoja, halmashauri imwalike mkandarasi, mchana, ofisini, wale ndizi na maharage. Alicheka, akaniambia halmashauri haina kifungu cha bajeti hiyo. Labda hilo ndilo tunalopaswa kulijadili kwanza.

Turudi mezani. Mwenye mkahawa alipopita, baba mdogo alinyoosha mgongo na kuhesabu kwa sauti: yi, er, san, si, wu. Yule bwana alisimama, akamjibu kuanzia sita hadi kumi, kisha akatueleza kwa Kiswahili kizuri cha Dar es Salaam kwamba nyumbani kwao Guangdong namba hutamkwa vingine: wao husema yat, yi, sam. Mzee alitatizika. "Yi" yake ya Mlimba ilikuwa moja. "Yi" ya mkahawani ni mbili. Miaka yote hiyo alidhani Wachina ni kabila moja lenye chungu kimoja. Kumbe wengi wa wale mafundi wa reli, waliotoka pembe mbalimbali za nchi kubwa, pengine hawakuwahi hata wao kula dim sum. Alilipokea hilo kwa utulivu. "Ni kama mtu akija kwetu na kusema amekuja kula chakula cha Waafrika," alisema.

Kisha akamsogezea mwenye mkahawa lile jani la mgomba. Bwana yule alichukua punje moja, akaitafuna taratibu, akakunja uso, akauliza kama ni dawa. Mzee akamwambia si dawa, ni ile chai mnayokunywa kabla ya kula. Hii ni yetu. Bwana akagonga meza kwa vidole viwili.

Bili ilipoletwa niliinyooshea mkono. Baba mdogo akanizuia: hawa ni wageni katika nchi hii, alisema, na yeye ndiye mkubwa hapa mezani. Nilimwonyesha jumla. Akaitazama kwa jicho lile lililotibiwa, akakaa kimya kidogo, akauliza chai peke yake ni kiasi gani. Chai alilipa yeye. Vikapu nikalipa mimi.