Ndege za abiria zikistaafu huenda wapi? Kisa cha VC10 zetu

Sisi wa Changamwe, Port Reitz na Magongo tumezoea ndege kupita juu ya mapaa yetu zikienda kutua Uwanja wa Moi. Swali ninaloulizwa sana na vijana wa huku ni hili: ndege ikizeeka hupelekwa wapi? Nalijibu hapa kwa utaratibu, kwani jibu lake lina historia yetu ndani.

Umri wa ndege hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Kila inapopaa, hewa husindikwa ndani ili abiria wapumue, na kiwiliwili chake hutanuka kidogo. Ikitua, hunywea. Maelfu ya safari za namna hiyo huchosha bati, ndiyo maana mafundi huhesabu pia safari na saa za angani. Kila baada ya miaka kadhaa ndege hufumuliwa karibu yote ikaguliwe, kazi ya majuma mengi na ya gharama kubwa mno. Nyingi hustaafu zikiwa na miaka kati ya 20 na 30, mara nyingi ukaguzi huo ukikaribia na mwenyewe akaona hesabu hazimlipi.

Hapo kuna njia kadhaa. Ya kwanza ni kung'oa viti na kuifanya ndege ya mizigo. Ya pili ni kuihifadhi jangwani, ikingoja mnunuzi. Maeneo yanayojulikana ni Mojave na Victorville kule California, na Teruel nchini Uhispania. Huchaguliwa jangwa kwa sababu hewa yake ni kavu. Huku kwetu chumvi ya bahari hula hata mabati ya nyumba, sembuse ndege iliyoegeshwa miaka bila kutunzwa.

Njia ya tatu ni kuchinjwa. Injini hutolewa kwanza, kwani ndizo zenye thamani kubwa, kisha miguu ya kutulia na vyombo vya rubani. Lakini kipuri kisicho na karatasi za kuonyesha kilikotoka na kazi kiliyofanya hakiruhusiwi kufungwa kwenye ndege nyingine. Kinachobaki hukatwakatwa na kuyeyushwa. Alumini ya ndege huchanganywa na shaba au zinki ili iwe ngumu, kwa hivyo si ya kuyeyusha kiholela ukafanya sufuria. Tena mabaki yana betri, mafuta na mitungi ya oksijeni. Asiyejua asiyakaribie na moto wa kukatia vyuma.

Sasa turudi nyumbani. Shirika la East African Airways, lililoanza 1946 na kumilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania, lilinunua ndege tano aina ya Super VC10 kutoka Uingereza kati ya 1966 na 1970. Moja ilianguka Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, wakafa watu 43. Nne zilibaki. Shirika lilipovunjika mapema 1977, likiwa limelemewa na madeni, nchi zetu zilikuwa zikigombana, na ndege hizo zikarudishwa Uingereza kwa waliozitengeneza.

Hazikuchinjwa. Jeshi la anga la Uingereza lilizinunua, likazitia matangi ya ziada, zikawa za kuzijazia mafuta ndege nyingine huko huko angani. Zilifanya kazi hiyo miongo mingi, mbili kati yake hadi Septemba 2013. Moja, iliyosajiliwa Tanzania kwa herufi 5H-MOG, ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa kati ya zote 54. Tarehe 24 Septemba 2013, ikiitwa ZA150, ilitua Dunsfold ili itunzwe na jumba la makumbusho la Brooklands.

Tazama hesabu hiyo. Ndege tulizozitumia kwa miaka kati ya saba na kumi na moja hivi ziliwafaa wengine hadi zaidi ya miaka thelathini baadaye. Uzee haukuwa sababu ya kuzipoteza. Tulizipoteza kwa deni na mafarakano, na mwenye deni hana kauli.

Hili linatuhusu leo, kwa kuwa ndege nyingi duniani ni za kukodi, na anayeamua mwisho wake ni aliyeikodisha. Maoni yangu ni haya: iko siku shirika au mamlaka itakuwa na ndege kuukuu ya kuuza kwa kilo. Kabla ya mnada, wabunge na madiwani wetu waombe angalau kiwiliwili kimoja na injini moja, viwekwe katika chuo cha ufundi huku bara ya Mombasa. Mtoto wa Likoni au Kisauni anayetaka kuwa fundi wa ndege atajifunza zaidi kwa kufungua injini iliyokufa kuliko kuichora ubaoni. Ombi hilo liandikwe mapema, maana ndege ikishafika kwa mkata vyuma, imekwisha.