Kuotesha Vimelea vya Damu: Istilahi ya Wodi ya Watoto Wachanga

Ukimwambia mama wa Nyegezi, Mwanza, kwamba mwanawe wa siku tatu atapimwa damu, mawazo yake yatakwenda kwenye malaria, na baada ya hapo kwenye UKIMWI. Hivyo ndivyo maneno "kupima damu" yanavyoeleweka Kanda ya Ziwa: kidole kinachomwa, tone linawekwa kwenye kipimo, majibu yanatoka muda si mrefu. Basi akiambiwa kwamba majibu ya mtoto yatachukua siku mbili au zaidi, hudhani maabara imezembea au kuna jambo anafichwa. Hajafichwa kitu. Hakuambiwa tu kwamba kipimo hiki ni kingine na kina jina lake.

Wauguzi wengi hukiita "kalcha". Neno la Kiingereza walilolichukua hutumika kwa mila za watu na pia kwa kazi ya kukuza vijidudu maabara, kwa hiyo anayetafsiri kwa kutegemea kamusi peke yake huishia kwenye "utamaduni wa damu", maneno yasiyomwambia mtu chochote. Wataalamu wa maabara wa Tanzania wana neno bora zaidi: kuotesha. Mkulima aliyeweka mbegu za nyanya kitaluni hazidai zichipue jioni ile ile, na mama anayelijua neno kuotesha kutoka shambani anajua tayari kwamba jambo hili lina siku zake. Kasoro ninayoiona ni pale wanapofupisha na kusema "kuotesha damu". Damu haioti. Kinachoota ni bakteria au fangasi waliomo ndani yake, kama wamo. Ndiyo maana natetea "kuotesha vimelea vya damu". Neno vimelea limeshazoeleka katika lugha ya afya nchini. Ndilo lililomo kwenye UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Kazi yenyewe huanza kwenye ngozi. Muuguzi husafisha kwa dawa mahali atakapochoma, kwa kuwa vimelea vya kawaida vya ngozi vikiingia kwenye chupa vitaota navyo na kumpa daktari jibu la uongo. Damu inayotakiwa ni walau mililita 1. Wazazi wengi hushtuka hapa, na hofu yao ina msingi: mtoto wa kilo 3 ana takriban mililita 250 tu za damu mwili mzima. Hata hivyo, vimelea katika damu ya mtoto mchanga huweza kuwa vichache sana, na damu ikipungua kuna hatari ya kuvikosa kabisa. Damu hiyo hutiwa katika chupa yenye kimiminika cha virutubisho, ikawekwa kwenye joto la karibu nyuzi 37 na kufuatiliwa hadi siku 5. Vimelea vingi vilivyo hatari huonekana ndani ya saa 48. Vikishaota, huhamishiwa kwenye sahani, hutambuliwa ni vya aina gani, kisha hujaribiwa dhidi ya dawa mbalimbali ili ijulikane ipi inaviua na ipi vimeizoea.

Mtoto hawezi kusubiri hayo yote. Damu inatakiwa ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza, na sindano ifuate papo hapo, kwa kawaida ampisilini na jentamaisini, dawa ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza zitangulie. Majibu ya kuotesha huja baadaye kusema kama dawa ziendelee, zibadilishwe au zisimamishwe.

Uzito wa kipimo hiki unaonekana vizuri Mwanza kwenyewe. Katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, ambako hupelekwa wagonjwa wa rufaa kutoka Misungwi, Geita na sehemu nyingine za kanda, watafiti Neema Kayange, Stephen Mshana na wenzao walichunguza watoto wachanga 300 waliokuwa na dalili za maambukizi makali. Walichapisha matokeo mwaka 2010. Vimelea viliota katika damu ya watoto 149. Watoto 57 kati ya wale 300 walifariki, na hatari ya kifo ilikuwa kubwa zaidi kwa wale ambao vimelea viliota, hasa vimelea vya kundi la bakteria liitwalo Gramu hasi na vile sugu. Karibu nusu ya vimelea vya Gramu hasi vilikuwa sugu kwa kundi la dawa ambamo seftriaksoni imo. Daktari asiyeotesha hana njia ya kujua kwamba sindano anayompa mtoto haiui kitu.

Takwimu hizo zina upande wa pili. Watoto wote 300 walikuwa na dalili, lakini kwa nusu yao hakuna kilichoota. Hapa neno "hasi" linaponza watu. Mama akisikia "majibu ni hasi" huelewa kwamba mtoto hana ugonjwa, hufunga kanga na kutaka kurudi nyumbani. Jibu sahihi la Kiswahili ni "hakuna kilichoota". Huenda hakuna vimelea. Huenda damu ilikuwa kidogo. Huenda mtoto alishapewa dawa kituo cha afya kabla ya rufaa. Daktari atalipima jibu hilo pamoja na hali ya mtoto.

Vipo vipimo vya haraka zaidi, lakini vinaashiria tu. Picha kamili ya damu huhesabu chembe nyeupe, ambazo kwa mtoto mwenye afya siku ya kwanza zinaweza kukaribia 30,000 kwa mikrolita bila ugonjwa wowote. Kingine ni CRP, protini inayotengenezwa na ini. William Tillett na Thomas Francis waliieleza mwaka 1930 huko New York, katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Herufi C haina uhusiano na vitamini C. Inatokana na sehemu ya kimelea cha nimonia iliyopewa jina hilo, ambayo protini hii huinasa. Tusiifupishe kuwa "protini C", maana hiyo ni protini nyingine inayohusika na kuganda kwa damu. Kwa kuwa ini huhitaji saa kadhaa kuanza kuitengeneza kwa wingi, CRP ya chini mtoto anapoanza tu kuugua haimtoi mtu wasiwasi. Hurudiwa baada ya siku moja.

Ugonjwa wenyewe huitwa sepsisi, na sina ugomvi na utohozi huo. Ninaoupinga ni ufafanuzi wa "damu imeoza" au "damu chafu", unaomfanya mama ahisi kwamba yeye ndiye mchafu. "Maambukizi makali mwilini" yanatosha, na muuguzi aongeze dalili ambazo mama anaweza kuziona mwenyewe: kushindwa kunyonya, kulegea, homa au mwili kuwa baridi, kupumua kwa shida, midomo kuwa ya bluu, degedege. Chupa ya uzazi iliyopasuka mapema kabla ya kujifungua, au maji yake kuchanganyika na kinyesi cha mtoto, ni habari ya kumwambia daktari hata asipouliza.

Naomba basi wahudumu waache kusema "tunampima damu" na waseme: "Tunaotesha vimelea kutoka kwenye damu ya mtoto, dawa zinaanza leo, majibu ya kwanza ni baada ya siku mbili." Nawe mama uliyefika na barua ya rufaa, usiondoke wodini kabla daktari hajakusomea majibu hayo, hata kama mtoto ameanza kunyonya.