Kilima, Bonde na Bati: Kusoma Historia ya Joto la Kibuli katika Picha za Setilaiti

Utangulizi

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, ujenzi huitangulia ramani. Kwa sababu hiyo, picha za setilaiti zimekuwa chanzo muhimu cha historia ya miji hiyo. Makala haya yanakitathmini chanzo hicho kwa kukitazama kilima cha Kibuli, Kampala, pamoja na mabonde yanayokizunguka. Hoja kuu ni kwamba kipimo cha jotoridi kitokacho angani hakitoshi kuongoza sera mpaka kisomwe pamoja na historia ya ardhi na vifaa vya ujenzi.

Kilima na bonde

Historia ya Kibuli inafungamana na ukoo wa Mwanamfalme Nuhu Mbogo, ndugu wa Kabaka Mutesa I na kiongozi wa Waislamu wa Buganda. Mwanawe, Badru Kakungulu, aliitoa ardhi ya kilima hicho kwa jamii ya Waislamu. Hapo ukajengwa msikiti uliofunguliwa mwaka 1951, na taasisi za elimu na afya zikakaa karibu nao. Sehemu ya juu ikawa chini ya taasisi zenye viwanja na miti.

Bondeni mambo yalikwenda vingine. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, viwanda vikaifuata, na kinamasi cha Nakivubo kikaendelea kupokea maji ya mji kabla hayajaingia Ziwa Viktoria. Kati ya reli na kinamasi ndipo yalipokua makazi yaliyosongamana ya Namuwongo.

Rekodi ya angani

Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa Julai 1972, lakini mfululizo mrefu wa vipimo vya joto ulianza na Landsat 5, mwaka 1984. Mwaka 2008 Marekani iliifungua hazina hiyo bila malipo, na watafiti wenye bajeti ndogo wakaweza kuitumia. Utafiti wa Vermeiren na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, ulionesha kwamba eneo lililojengwa la Kampala na viunga vyake liliongezeka kutoka kilomita za mraba 71 mwaka 1989 hadi 386 mwaka 2010. Jiji lenyewe kisheria lina takriban kilomita za mraba 189. Ni dhahiri kwamba mji ulikwisha kuivuka mipaka yake ya kiutawala.

Mipaka ya kipimo

Katika Kiswahili cha kila siku, neno "joto" hubeba mengi: joto la hewa, la ardhi na la chumbani. Setilaiti hupima jotoridi la uso wa ardhi tu, tena katikati ya asubuhi na pasipo mawingu. Usiku wa Namuwongo haumo katika picha hizo.

Vilevile, Landsat 8 hupima joto kwa pikseli ya mita 100, ingawa data husambazwa kwa gridi ya mita 30. Hekta nzima ya nyumba, njia na mitaro hupewa thamani moja.

Tatizo kubwa zaidi ni paa. Bati jipya ling'aalo hutoa mnururisho wa joto kidogo kuliko udongo au majani yenye jotoridi lilelile. Hesabu isiporekebishwa, paa huonekana la baridi kuliko lilivyo, ilhali walio chini yake, katika chumba kisicho na dari, wanaungua.

Mfano wa miji ya jangwani nao hauhamishiki moja kwa moja. Huko, mchana, mchanga mtupu unaweza kuwa na joto kuliko mji wenye bustani zinazomwagiliwa. Kampala imejengwa mahali pa migomba na vinamasi. Kila kinamasi kinachofukiwa hupunguza ubaridi uliokuwapo.

Hitimisho

Ramani ya joto ikisomwa peke yake, miti inaweza kupandwa kwenye kilima chenye miti tayari, na bonde likasahauliwa. Washauri wa sera wanahimizwa kutumia picha za setilaiti kwa kazi inayoziweza, yaani kufuatilia upanuzi wa mji na upotevu wa vinamasi kwa miongo. Kuhusu joto linalowapata watu, vipimajoto viwekwe ndani ya nyumba, mchana na usiku, na kumbukumbu za ardhi zisomwe sambamba navyo.