Uhai wa kurusha dadu na uhai wa kuhesabiwa

Wengi mmetuuliza ule ugomvi wa Bukoto ulikuwa wa nini. Ulikuwa wa dadu. Lakini ukiufuata nyuma unakuta historia ya miaka hamsini, ndiyo maana tunauandika hapa.

Sisi tunaojitolea kambini tulikuwa tumekuja Kampala kwa mambo ya makaratasi. Jioni tukakaa saba kwenye kibaraza cha nyumba moja Bukoto, upande wa kuelekea Kamwokya, na wenzetu wa mjini wakatoa kitabu cha Dungeons & Dragons, toleo la zamani, kimepita mikono mingi hadi jalada limeng'oka. Kwa wasioujua: mmoja anasimulia hadithi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu ndiyo inaamua upanga umepata au umekosa. Kila mhusika ana pointi za uhai. Zikiisha, kwaheri.

Mdogo wetu mmoja wa Uvira akachagua kuwa mchawi. Kwa sheria za kitabu kile mchawi anarusha dadu ya pande nne kupata uhai wake wa kuanzia. Akarusha, ikatoka moja. Uhai mmoja! Mpiganaji aliyekaa karibu naye alikuwa na nane. Tukacheka, yeye hakucheka. Akasema, "Hata kwenye mchezo nianze hivi?" Akainuka akaenda kununua chapati.

Hapo tukaanza kubishana, nani alisema uhai wa mtu urushwe?

Kumbe mwanzo wake ulikuwa huruma. Katika michezo ya vita ya vinyago, kama Chainmail ya 1971, askari wa kawaida akipigwa mara moja amekufa. Dave Arneson wa Minnesota, Marekani, alikuwa anachezesha rafiki zake katika nchi ya kubuni iitwayo Blackmoor. Baadaye alieleza kwamba wachezaji wake hawakupenda kupoteza mhusika kwa pigo moja, basi akaazima wazo kutoka mchezo wa vita vya meli, kwa sababu meli inaweza kupigwa mara kadhaa kabla ya kuzama. Yaani uhai wetu ulianza kama uhai wa meli.

Mwaka 1974 Arneson na Gary Gygax wakautoa mchezo wenyewe, vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1000 za kwanza. Uhai ulirushwa kwa dadu ya kawaida ya pande sita, kwa wote. Mwaka 1975 kikaja kitabu cha nyongeza, Greyhawk, kikagawa watu: mpiganaji dadu ya pande nane, kasisi sita, mchawi nne. Mdogo wetu aliumizwa hapo, miaka mingi kabla hajazaliwa.

Tunavyofikiri sisi, zamani haikuuma sana. Wahusika walikufa haraka, unatengeneza mwingine kwa dakika chache, na bahati inajisawazisha yenyewe. Shida inaanza pale mtu anapokaa na mhusika mmoja miezi na miezi, halafu rusho baya la siku ya kwanza linamfuata kila anakokwenda. Ni kama ludo, unangoja sita utoke nyumbani na wenzako wameshazunguka ubao. Tofauti ni kwamba ludo inaisha jioni ileile.

Waandishi wenyewe wakalegea polepole. Toleo la tatu, 2000, likasema levo ya kwanza unachukua namba kubwa kabisa ya dadu yako. Toleo la nne, 2008, likaiondoa dadu kabisa kwenye uhai, namba zikawa za kudumu. Toleo la tano, 2014, likarudisha dadu lakini kwa hiari: kila ukipanda levo, mpiganaji arushe ya pande kumi au achukue sita bila kurusha. Wastani wa dadu ile ni 5.5, kwa hiyo kutorusha kunakulipa zaidi kidogo. Na bado watu wanarusha!

Jjajja wa nyumba ya pili alikuwa anatusikiliza. Akaingia ndani, akatoka na ubao wa omweso. Mashimo 32, mbegu 64, kila mtu 32. Kwanza mnaweka nne nne kwenye mashimo manane ili kuhakikisha hesabu ni sawa, halafu kila mmoja anazipanga upande wake anavyotaka. Wenzetu wa Rwanda wakasema hii ni ndugu ya igisoro yao. Dadu hamna. Hakuna anayeanza na mbegu moja.

Sisi wa upande wa haki sawa tukashangilia. Halafu Jjajja akatupiga mmoja baada ya mwingine, kwa mbegu zilezile 32, na kwa kweli hakuna aliyefika mbali. Mmoja wetu akakiri afadhali kushindwa na dadu kuliko na Jjajja, maana dadu unaweza kuilaumu. Hilo hatukuwa tumelifikiria. Tumezoea kungoja majina yasomwe, tukadhani namba sawa itamaliza kila kitu.

Chapati zilipofika tulikuwa tumekubaliana: kuanza, kila mtu achukue namba kubwa ya dadu yake, kama 2000. Baada ya hapo kila anapopanda levo achague mwenyewe. Mchawi wa Uvira akaandikiwa uhai nne.

Tuliporudi Kampala mwezi wa tatu tukamkuta yuko hai bado, anapanda levo ya pili. Tukamwambia achukue tatu za bure, asirushe. Akatuangalia tu, akaikamata dadu. Ikatoka mbili.

"Andika sita," akasema. "Tuendelee."