Pengo la madaktari weusi Marekani: Ripoti ya 1910 na athari zake

Kati ya kila madaktari 100 nchini Marekani, takriban sita pekee ndio weusi, ilhali watu weusi ni 13 hivi katika kila wakazi 100. Sehemu ya pengo hilo inatokana na ripoti moja iliyochapishwa mwaka wa 1910.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokomesha utumwa, vilianzishwa vyuo vya kuwafunza udaktari watu weusi, ambao vyuo vya Wazungu viliwafungia mlango. Howard, jijini Washington, kilifunguliwa mwaka wa 1868 na Meharry, mjini Nashville, mwaka wa 1876. Kufikia 1910 vilikuwa saba.

Mwaka huo Abraham Flexner, mwalimu aliyetumwa na wakfu wa Carnegie, alitoa ripoti baada ya kukagua vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Canada. Ripoti hiyo ilisifiwa kwa kuinua viwango vya masomo. Hata hivyo, ilipendekeza kwamba kati ya vyuo saba vya watu weusi, ni Howard na Meharry tu vilivyostahili kuendelezwa. Kwa maoni ya Flexner, daktari mweusi alifaa kufunzwa zaidi kanuni za usafi kuliko upasuaji.

Vile vitano vingine vilikuwa vimefungwa kufikia 1923. Watafiti walikadiria mwaka wa 2020 kwamba, lau vingalidumu, vingalitoa madaktari wapatao 35,000 zaidi.

Katika miaka ya sabini, chuo cha udaktari cha Davis, California, kilitenga nafasi 16 kati ya 100 kwa ajili ya wanafunzi wa jamii zilizoachwa nyuma. Allan Bakke, Mzungu aliyenyimwa nafasi mara mbili, alienda kortini. Mwaka wa 1978 Mahakama ya Juu iliharamisha mgao huo na kuagiza Bakke asajiliwe, lakini ikaruhusu rangi izingatiwe kama kigezo kimoja miongoni mwa vingi.

Ruhusa hiyo nayo iliondolewa Juni 29, 2023, katika kesi zilizohusu vyuo vikuu vya Harvard na North Carolina. Mwaka uliofuata, idadi ya wanafunzi weusi walioanza masomo ya udaktari ilipungua kwa zaidi ya asilimia 11.

Je, rangi ya daktari yamhusu nini mgonjwa? Jaribio lililofanywa Oakland, California, na kuchapishwa mwaka wa 2019, lilionyesha kuwa wanaume weusi waliohudumiwa na daktari mweusi walikubali zaidi kupimwa kisukari na kolesteroli kuliko waliohudumiwa na daktari asiye mweusi.

Yanayofundishwa darasani pia yana uzito. Mwaka wa 2016, uchunguzi katika Chuo Kikuu cha Virginia ulibaini kuwa nusu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari wanagenzi Wazungu waliohojiwa waliamini angalau uongo mmoja, kama vile kuwa ngozi ya mtu mweusi ni nene zaidi. Walioamini hayo waliyaona maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo.

Vipimo navyo vina kasoro. Utafiti wa 2020 ulionyesha kuwa kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kilishindwa kugundua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa Wazungu. Mwaka wa 2021, wataalamu wa figo walipendekeza rangi iondolewe katika hesabu ya utendakazi wa kiungo hicho, kwani ilifanya figo za watu weusi zionekane bora kuliko zilivyo, na kuwachelewesha wengine kupandikizwa figo mpya.

Ndiyo sababu somo la usawa wa afya humtaka mwanafunzi aulize kipimo kilibuniwa kwa kuwapima akina nani, mgonjwa anaishi wapi, na kama ana nauli ya kurudi kliniki.

Chuo cha Davis, kilichoshindwa kortini mwaka wa 1978, kilitafuta njia nyingine baada ya wapigakura wa California kupiga marufuku kigezo cha rangi katika vyuo vya umma mwaka wa 1996. Kilibuni mizani inayoangalia mapato ya familia, elimu ya wazazi na mahali mwombaji alikolelewa. Kikawa miongoni mwa vyuo vya udaktari vyenye wanafunzi wa asili mbalimbali zaidi nchini humo.

Daktari wa Marekani husomea kazi yake miaka minne, kisha hufanya mafunzo ya hospitalini kwa miaka isiyopungua mitatu. Waliokosa nafasi mwaka wa 2024, wagonjwa wataanza kuwakosa kama madaktari waliokamilisha mafunzo hayo kuanzia mwaka wa 2031.